Wanachama wanashindwa kunakili namba kwenye simu: je, nitengeneze mfumo wangu wa kuchagua maandishi?

*"Shikamoo mtaalamu. Ninatengeneza programu ya simu kwa ajili ya SACCOS (chama cha akiba na mikopo) moja hapa Arusha. Programu humpa mwanachama namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 12, naye huinakili na kwenda kuibandika kwenye menyu ya kulipia kwa simu. Wanachama wengi ni watu wazima: wafanyabiashara wa Soko la Kilombero na walimu wastaafu wa upande wa Tengeru. Malalamiko hayaishi. Wanasema simu 'inaruka', inachagua nusu ya namba au inachagua ujumbe mzima, na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ndiyo inayowatesa zaidi wakati wa kujisajili. Nimeanza kuandika mfumo wangu mwenyewe wa kuchagua maandishi, wenye vishikio vikubwa (vile vialama vya kuvuta kwenye ncha za maandishi yaliyochaguliwa) na muda mfupi wa kubonyeza. Mwenzangu anasema nizime kabisa kuchagua maandishi, niweke kitufe cha kunakili. Meneja naye anataka tuzuie kubandika kwenye kisanduku cha kuthibitisha namba, ili watu wasikosee. Nimfuate nani?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nikupe jibu kwanza ili usiendelee kuandika msimbo usiku wa leo: mfumo wako wa kuchagua maandishi uuache, ushauri wa mwenzako uuchukue nusu, na ombi la meneja ulikatae kwa heshima. Sababu zenyewe zinatokana na jinsi kidole na kioo cha simu vinavyoelewana, au vinavyoshindwa kuelewana, kwa hiyo nivumilie nianzie huko.

Nikikusoma vizuri, hofu yako ni mbili. Unahofia kwamba wanachama wataikimbia programu na kurudi kupanga foleni dirishani, na unahofia kwamba tarakimu moja ikidondoka, mtu atalipa kusikohusika au malipo yake yatakataliwa siku ya mwisho ya rejesho. Hofu zote mbili ni za haki. Ila katika maelezo yako kuna dhana inayojificha, nayo ni kwamba wanachama wanakosea kwa sababu ni watu wazima wasioijua simu. Hebu tupime.

Maandishi ya kawaida kwenye simu ya Android hupangwa kwa ukubwa wa vipimo 16, na kila kipimo ni sehemu moja ya 160 ya inchi. Kwa hesabu hiyo herufi hupangiwa kimo cha takriban milimita 2.5, na tarakimu moja huwa na upana wa milimita moja na nusu hivi, kwa hiyo namba yako yote ya tarakimu 12 haifiki sentimita mbili. Sehemu ya kidole cha mtu mzima inayogusa kioo ina upana wa milimita nane hadi kumi, yaani inafunika karibu nusu ya namba nzima pamoja na kipande cha mstari unaofuata. Ndiyo maana Google inashauri kitu cha kubonyezwa kisipungue vipimo 48 kila upande, na Apple inashauri 44 kwa vipimo vyake. Kumtaka mtu aweke kidole kati ya tarakimu ya nne na ya tano ni kama kumtaka aokote punje moja ya ulezi akiwa amevaa glavu. Tena mtu hudhani anagusa kwa ncha ya kidole, karibu na ukucha anaouona, wakati simu husoma katikati ya eneo lote la nyama lililogusa kioo, ambako kwa kawaida ni chini kidogo ya pale alipolenga. Kijana wa miaka ishirini hukosa vilevile. Yeye hujaribu tena upesi na wala halalamiki.

Kuna jambo la pili, ambalo wengi wetu tunaotengeneza programu hulisahau. Kwenye kompyuta, kipanya kina mshale wenye ncha, kina vitufe, na kinaweza kupita juu ya maandishi bila kuyagusa. Kidole hakina hayo yote. Kidole hicho hicho kimoja ndicho kinachosogeza ukurasa, ndicho kinachofungua kitufe, na sasa unakitaka kichague maandishi pia. Ili simu itofautishe makusudi hayo, ilibidi utafutwe muda: ukigusa na kuachia ni kufungua, ukigusa na kuvuta ni kusogeza, ukigusa na kutulia kwa karibu nusu sekunde ni kuchagua. Nusu sekunde hiyo haikuwekwa ovyo. Wewe unataka kuipunguza ili kuwasaidia watu wazima, lakini mtu mwenye mkono wa taratibu ndiye anayechelewa kunyanyua kidole, kwa hiyo muda ukiwa mfupi atajikuta anachagua maandishi kila anapotaka kusogeza ukurasa. Mipangilio ya ufikivu ya Android inamruhusu mwenye simu kuurefusha muda huo kwa sababu hiyo hasa. Mfumo wako ukipuuza mipangilio aliyoiweka, utakuwa umemnyang'anya msaada ambao tayari alikuwa nao.

Sasa tuje kwenye neno lao, kwamba simu "inaruka". Wako sahihi kabisa. Inaruka kwa makusudi. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, ukivuta kishikio kwenda mbele kuongeza maandishi, uchaguzi hukua kwa neno zima zima, na ukikirudisha nyuma hupungua kwa herufi moja moja. Wabunifu walijua kwamba kidole hakiwezi kulenga herufi, wakakisia kwamba mtu anayepanua anataka neno linalofuata na anayerudi nyuma anarekebisha. Kwa sentensi za kawaida kisio hilo ni zuri, na kwa Kiswahili ni zuri zaidi, maana neno letu moja kama "nitakulipa" hubeba mtendaji, wakati na mtendewa bila nafasi katikati, hivyo mguso mmoja huchukua mengi. Hata "ng'ombe" huchukuliwa kama neno moja, kwa kuwa kanuni za Unicode, kiwango cha kimataifa cha maandishi ya kompyuta, za kukata maneno haziruhusu kukata penye alama ya ritifaa iliyo kati ya herufi mbili. Kiasi cha fedha kama 1,250,000 nacho hakikatwi, kwa sababu mkato ulio kati ya tarakimu unahesabiwa kuwa ni sehemu ya namba.

Taabu huanzia kwenye nafasi na vistari. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na huandikwa kwa mafungu manne ya tarakimu 8, 5, 5 na 2 yaliyotenganishwa kwa vistari. Kwa kanuni zile zile, kistari ni mpaka wa neno. Mwalimu mstaafu akibonyeza namba yake na kushikilia, simu humchagulia fungu moja tu, mara nyingi lile la mwanzo lenye tarehe yake ya kuzaliwa, halafu humwachia kazi ya kuvuta kishikio kidogo kuelekea ukingo wa kioo. Namba yako ya kumbukumbu, ikiwa umeiandika kwa mafungu ya nne nne yenye nafasi kati yake, itampa adha hiyo hiyo. Android 8.0 ya mwaka 2017 ilileta uchaguzi wa kukisia, ambao hutambua namba za simu, anwani na viungo vya intaneti na kuvichagua vizima, lakini usitegemee kwamba utaitambua namba ya SACCOS yenu.

Kuhusu kuchagua ujumbe mzima, maelezo yake ni mafupi. Watu wamezoea WhatsApp, ambako kubonyeza na kushikilia huchukua ujumbe wote, salamu na yote. Na kwenye iPhone kugusa mara mbili huchagua neno, mara tatu huchagua aya, kwa hiyo mkono unaotetemeka ukigusa mara moja ya ziada, aya yote inapakwa rangi.

Nimekueleza haya ili uone kwamba hicho unachotaka kukijenga upya kimebeba maamuzi mengi usiyoyaona. Kukata, kunakili na kubandika kama tunavyokujua kulibuniwa na Larry Tesler na Tim Mott katika maabara ya Xerox PARC, California, miaka ya katikati ya 1970, kwa ajili ya kipanya na kibodi. iPhone ya kwanza ya mwaka 2007 ilitoka bila huduma hiyo kabisa, na watumiaji walisubiri hadi Juni 2009 kuipata. Baadaye, mwaka 2019, Apple ilikiondoa kile kioo cha kukuzia kinachotokea juu ya kidole unapovuta kishale, kisha ikakirudisha mwaka 2021. Kampuni yenye wabunifu wengi kiasi hicho ilichukua miaka miwili kurudi pale ilipokuwa. Tazama pia vishikio vya Android: vinaning'inia chini ya mstari kama matone, ili kidole kikae chini na maandishi yabaki wazi juu yake. Ukivikuza tu, kama ulivyopanga, vitafunika mstari unaofuata, na pale namba inapokuwa fupi viwili vitagongana. Na ukijenga chako, unapoteza kioo cha kukuzia, unapoteza menyu yenye maneno ya Kiswahili kwa mwenye simu ya Kiswahili, na unampoteza mwanachama asiyeona anayetumia TalkBack, programu ya Android inayosoma kioo kwa sauti, kwa sababu kisomaji hicho hakitajua kwamba umechora vishikio vyako pembeni. Kwa programu ya kuhariri vitabu ningefikiria mara mbili kabla ya kukukataza. Kwa namba ya tarakimu 12, sioni sababu.

Mwenzako ana haki juu ya kitufe. Weka kitufe kimoja chini au kando ya namba, chenye maneno "Nakili namba", kisichopungua vipimo 48 kwa kimo. Usiweke kile kialama cha vimraba viwili peke yake, maana mtu asiyeishi kwenye kompyuta hana sababu ya kujua kwamba vimraba viwili ni kunakili. Namba yenyewe iandike kubwa na kwa mafungu, 4-4-4, ili jicho liweze kuilinganisha, lakini kitufe kinakili tarakimu tupu zisizo na nafasi. Mtu akishabonyeza, mwonyeshe kwamba imenakiliwa. Kwenye Android 13 na kuendelea mfumo wenyewe huonyesha kidirisha kidogo chenye kile kilichonakiliwa, hivyo huko usirudie taarifa yako juu yake. Kwenye matoleo ya nyuma, ambayo nina hakika wanachama wako wengi bado wanayo, bila taarifa yako mtu hatajua kama kitu kimetokea na atabonyeza mara tano.

Pale anaposema uzime kuchagua maandishi, hapo simfuati. Kitufe hunakili kile ambacho wewe ulifikiri mtu atakihitaji. Mwanachama atataka siku moja kumtumia mwanawe kipande cha maelezo ya mkopo, au kutafuta neno la masharti asilolielewa, au kunakili jina la tawi. Angalia pia kitu kimoja: katika zana nyingi za kutengenezea programu za simu, maandishi ya kuonyeshwa tu hayachaguliki mpaka mtengenezaji aruhusu. Huenda sehemu kubwa ya programu yako imefungwa bila wewe kukusudia. Ifungue, angalau kwenye namba, majina, kiasi, tarehe na masharti.

Jambo ambalo hukuliuliza, na ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote uliyouliza, ni upande wa kupokea. Tuseme SACCOS inamtumia mwanachama ujumbe usemao "Lipa 45,000 kwa namba 991234567890". Mama wa sokoni anashikilia ujumbe, anaunakili wote kama alivyozoea, anakuja kwenye programu yako na kuubandika kwenye kisanduku cha namba. Kisanduku chako, nakisia, kinakubali tarakimu tu na kina kikomo cha 12. Kitachuja herufi na mkato, kitaunganisha kilichobaki kuwa 45000991234567890, kisha kitakata kwenye kikomo. Kinachobaki kwenye kioo ni 450009912345. Zihesabu: ni tarakimu 12 kamili, hakuna rangi nyekundu, hakuna onyo, na ni namba ya uongo. Hapo mwanachama hajakosea hata kidogo, kisanduku kimemkosesha. Dawa yake ni kupokea kilichobandikwa chote kwanza bila kukikata, kutafuta ndani yake mfululizo wa tarakimu 12 (ukiruhusu nafasi na vistari katikati), na ukiupata mmoja tu uuweke kisandukuni na kumwonyesha athibitishe. Ukikuta miwili, muulize ni upi. Ukikosa, mwambie hivyo kwa maneno ya kawaida. Kwa namba ya NIDA fanya vivyo hivyo: ipokee ikiwa na vistari au bila vistari, kwa sababu mashine inaviondoa papo hapo na mtu anatoka jasho.

Meneja sasa. Hoja yake ni kwamba mtu akilazimishwa kuandika namba mara ya pili kwa mkono, kosa litagundulika. Kwa namba ambayo mtu anaijua kichwani, hoja hiyo ina uzito kidogo. Kwa namba ndefu inayotoka mahali pengine, unamlazimisha kuhamisha tarakimu kwa macho kutoka karatasini au ukurasa mwingine, na hapo ndipo makosa huzaliwa. Hata kwa nywila, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 ilishauri watu waruhusiwe kubandika. Mpe meneja kitu bora zaidi. Kwa kuwa namba za kumbukumbu mnazitoa ninyi wenyewe, fanyeni tarakimu ya mwisho iwe ya kuhakiki, inayokokotolewa kutoka kwenye zile 11 za mwanzo. Kanuni ya Luhn, inayotumika kwenye kadi za benki, hugundua kosa lolote la tarakimu moja na karibu makosa yote ya kupishanisha tarakimu mbili zinazofuatana. Halafu, kabla ya kuthibitisha, onyesha jina la mwanachama na kiasi. Mtu hutambua jina lake upesi kuliko anavyotambua namba yake.

Na je, kunakili kwenyewe ni lazima? Menyu ya malipo ya kupiga nyota na namba hukaa juu ya kila kitu kwenye kioo na hukatika ukichelewa kujibu, kwa hiyo anayetoka kwenda kuitazama namba hurudi akute imefungwa. Kitufe cha kunakili kinapunguza adha hiyo, kwani kwenye simu nyingi za Android mtu anaweza kushikilia kisanduku cha menyu na kubandika, lakini hakiiondoi. Kampuni za simu nchini zina huduma ambayo mlipwaji ndiye anayeanzisha malipo, kisha mlipaji huletewa ombi kwenye simu yake na kuweka namba ya siri tu. Ina makubaliano na gharama zake, na kwa SACCOS ndogo huenda hesabu isikubali mwaka huu. Ipeleke kwenye kikao hata hivyo, kwa sababu ndiyo njia pekee kati ya zote nilizotaja ambayo haimwachii mwanachama namba yoyote ya kubeba.

Tahadhari moja kuhusu ubao wa kunakili, yaani mahali simu inapokitunza kwa muda kile kilichonakiliwa. Zamani programu yoyote iliyofunguliwa iliweza kuuchungulia kimya kimya. Android 10 ilizizuia programu zinazojificha nyuma, Android 12 ikaanza kumjulisha mwenye simu, na iPhone tangu mwaka 2022 huomba ruhusa kabla programu haijabandika kilichotoka kwenye programu nyingine. Kwa hiyo usiusome ubao mara tu programu inapofunguka, hata kama nia yako ni kumsaidia. Mwanachama ataona taarifa kwamba programu ya SACCOS imesoma alichonakili na atapata hofu ya bure. Usome anapobonyeza "Bandika". Namba ya siri isiwe na njia ya kunakiliwa kabisa, na namba ya NIDA ikinakiliwa iwekewe alama ya usiri ambayo Android 13 inaitambua, ili isionyeshwe kwenye kile kidirisha.

Yapo mambo ambayo hayaonekani kutoka huku Moshi nilipo. Nenda sokoni asubuhi ukakae na wanachama watano au sita, mmoja mmoja, uwape simu zao wenyewe, si yako, na unyamaze wakati wanajaribu. Utaona vidole vilivyolowa maji ya nyanya, vioo vyenye nyufa na vile vya ziada vya kukinga, jua linalofuta rangi ya uchaguzi, na mikono yenye sugu au mikavu sana ambayo kioo huisoma kwa shida, maana kioo cha simu hutegemea umeme mdogo unaopitia ngozi. Ukimwona mtu anayeshindwa kusoma hata maandishi makubwa, tatizo limeshatoka mikononi mwako. Mshauri akapimwe macho, na idara ya macho ya hospitali ya KCMC, huku Moshi, haiko mbali. Anayetetemeka mkono kwa namna ambayo haikuwepo mwaka jana naye aambiwe kwa upole amwone daktari. Na kwa kuwa mnahifadhi namba za NIDA za watu, kabla ya kuitoa programu kaeni ana kwa ana na mwanasheria anayeijua Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, mkienda na orodha ya kila taarifa mnayoihifadhi, mahali ilipo na nani anaiona.